PIRAMIDI ZA NAMBARI NA MITIHANI YA MCHUJO

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa skuli yetu, Kikwajuni, Unguja)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa heshima hii ya kusimama mbele yenu. Desturi ya mikutano yetu ni kwamba mzungumzaji hueleza maisha yake tangu alipotoka skuli hadi alipofikia. Mwaka huu Kamati imeniondolea mzigo huo, na nyinyi mmeepukana na kuusikiliza. Nimeambiwa nizungumzie jambo moja tu lenye manufaa kwa vijana, nalo ni piramidi za nambari, yale maswali ya matofali na pembetatu yenye tarakimu, ambamo nambari moja imefichwa na mtahiniwa anatakiwa aitafute. Wengine watasema huu ni mchezo wa watoto. Nataraji tutakapomaliza tutakubaliana kwamba mchezo huu umewafungia mlango vijana wengi wenye akili zao timamu, na kwamba mlango huo unafunguka kwa ufunguo mdogo sana.

KWA NINI TULIZUNGUMZE JAMBO HILI

Kijana anayemaliza masomo hivi leo aghlabu hafiki mbele ya meza ya mahojiano ila baada ya kupita kwanza mtihani wa maandishi. Upande wa Muungano, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, huwapitisha waombaji katika usaili wa mchujo kabla ya kuwaita kuwahoji. Hapa Unguja, tangu mwaka 2023 tunacho pale Bweleo chuo cha IIT Madras kutoka India, na anayeomba kusoma shahada ya kwanza hupita kwanza mtihani wa mchujo. Mabenki na mashirika nayo yana mitihani yao. Baadhi ya mitihani hii huuliza fani mtu aliyoisomea. Mingine huweka sehemu ya kupima uwezo wa kufikiri, na ndani ya sehemu hiyo ndimo zinamokaa piramidi zetu.

Mitihani ya kushindania kazi si jambo jipya duniani. Wachina waliitumia kwa zaidi ya miaka elfu kuchagua watumishi wa dola yao, mpaka walipoifuta mwaka 1905. Waingereza, baada ya ripoti ya mwaka 1854 iliyolalamikia kazi kutolewa kwa kujuana, waliunda mwaka 1855 Tume ya kuwatahini waombaji. Shabaha ilikuwa njema: nafasi ipatikane kwa anayeweza, si kwa mtoto wa fulani. Sisi watu wa Ng'ambo tunaielewa shabaha hiyo kuliko wengi. Wazee wetu wanazikumbuka zama ambazo nafasi ya mtu ilitegemea asili yake na upande wa mji alikozaliwa, na wanakumbuka tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa kwamba elimu Zanzibar ni bure kwa wote.

Lakini mtihani huwa wa haki pale tu ambapo wote wanaoukalia wamewahi kuona maswali ya aina ile. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mtihani wa namna hii. Kijana mmoja, mhitimu wa chuo, aliuacha ukurasa mzima mtupu. Tulipokutana nje nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Mzee, sijapatapo kuuona mchezo ule. Nilidhani ni michoro tu." Nikamchorea piramidi moja nyuma ya bahasha, nikamweleza kanuni kwa maneno mawili. Akaijaza kabla sijafunga kalamu yangu. Akanitizama, nami nikamtizama, na hakuna katika sisi aliyekuwa na la kusema, kwani karatasi zilikwisha kukusanywa.

Ndugu Mwenyekiti, kijana yule hakukosa akili. Alikosa mazoea. Hilo ndilo ninalotaka vijana waondoke nalo hapa leo, na ndilo ninalotaka wanafunzi wa zamani walionee uchungu.

PIRAMIDI YA MATOFALI

Tuanze na aina iliyo nyepesi. Kanuni yake ni kwamba kila tofali ni jumla ya matofali mawili yaliyo chini yake. Tizameni hii:

              43
           23    20
        11    12    8
      4     7     5     3

Nne na saba ni kumi na moja. Saba na tano ni kumi na mbili. Tano na tatu ni nane. Mnapanda hivyo hivyo mpaka kileleni. Anayejua kujumlisha hashindwi.

Watunga mitihani hawaulizi hivyo. Majumba ya ghorofa yaliyojengwa hapa Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki miaka ya 1960 yalianzia kwenye msingi kama majumba yote. Mtunga mtihani yeye hukupa paa, akakuuliza msingi:

           31
         ?    ?
       6    ?    9

Wengi hapa huanza kubahatisha: wanajaribu tano, wanajaribu sita, na saa inakwenda. Hapana haja. Fikirini tofali la katikati ya msingi linakwenda wapi. Linaingia katika tofali la kushoto juu yake, linaingia na katika la kulia, na yote mawili yanakutana kileleni. Kwa hivyo kileleni limehesabiwa mara mbili, na yale ya pembeni mara moja moja. Toeni ya pembeni: 31 toa 6 toa 9, inabaki 16. Gaweni kwa mbili, mnapata 8. Sasa hakikisheni: 6 na 8 ni 14, 8 na 9 ni 17, 14 na 17 ni 31. Kazi imekwisha.

Kuna faida nyengine iliyofichika hapo. Kinachobaki baada ya kutoa pembe mbili lazima kiwe shufwa, yaani kigawike kwa mbili. Kama kilele kingekuwa 32, kingebaki 17, ambayo ni witiri. Hapo mngejua papo hapo kwamba ama msingi una nusu ndani yake, ama kanuni ya piramidi ile si kujumlisha, na mngetafuta nyengine bila ya kupoteza dakika.

Msingi ukiwa na matofali manne, ya pembeni huhesabiwa mara moja na ya ndani mara tatu. Rudini kwenye piramidi ya mwanzo: 4, na 7 mara tatu ni 21, na 5 mara tatu ni 15, na 3. Jumla 43, kama ilivyo. Msingi wa matofali matano huhesabiwa 1, 4, 6, 4, 1. Nambari hizi nazo zina piramidi yao:

           1
         1   1
       1   2   1
     1   3   3   1
   1   4   6   4   1

Vitabu vingi huiita pembetatu ya Pascal, kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal, ambaye maandishi yake juu yake yalichapishwa mwaka 1665. Lakini yeye hakuwa wa kwanza. Mchina Yang Hui aliichora mwaka 1261, naye akataja kuwa ameipata kwa Jia Xian aliyemtangulia. Na kabla ya Yang Hui, al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad takriban miaka elfu iliyopita, alikwisha kuieleza. Maandishi yake yalipotea, bali as-Samaw'al akayanukuu katika karne ya 12. Nayataja haya kwa sababu nimesikia vijana wakisema kwamba hesabu ni elimu ya watu wengine. Si kweli. Mashekhe wetu wamekuwa wakigawa mirathi barazani tangu zamani. Mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke ana thumni, mama ana sudusi, na mtoto anachukua kilichobaki. Shekhe hufanya mali mafungu 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Kisha, kabla hajatamka, hujumlisha 3 na 4 na 17 aone kama zinarudi 24. Kule kurudi na kuhakikisha ndiko kunakotakiwa katika piramidi.

PEMBETATU YENYE NAMBARI NDANI

Aina ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Mnapewa pembetatu tatu. Kila moja ina nambari juu, nambari mbili chini, na moja ndani. Ya tatu imekosa ya ndani:

   Ya kwanza: juu 5, chini 4 na 3, ndani 17
   Ya pili: juu 6, chini 2 na 7, ndani 20
   Ya tatu: juu 8, chini 5 na 4, ndani ?

Hapa hamkuambiwa kanuni. Kanuni yenyewe ndiyo swali. Kijana mwepesi ataitizama ya kwanza, aseme: tano mara nne ni ishirini, toa tatu, kumi na saba. Nimeipata! Atakimbilia ya tatu: nane mara tano ni arubaini, toa nne, thelathini na sita. Atatizama majibu aliyopewa achague, na 36 atalikuta pale linamngojea. Mtunga mtihani amelitega makusudi, kwani anaijua njia ya wenye haraka.

Lau angesimama kwenye ya pili asingeteleza. Sita mara mbili ni kumi na mbili, toa saba, inabaki tano. Lakini ndani pameandikwa 20. Basi kanuni ile ni ya uongo, ijapokuwa katika ya kwanza ilisema kweli. Tutafute nyengine: nne mara tatu ni kumi na mbili, ongeza tano ya juu, kumi na saba. Katika ya pili: mbili mara saba ni kumi na nne, ongeza sita, ishirini. Imekubali. Sasa ndipo tuende ya tatu: tano mara nne ni ishirini, ongeza nane. Jibu ni 28.

Shahidi mmoja hatoshi, vijana. Kanuni iliyokubali pembetatu moja ni dhana. Iliyokubali zote mlizopewa ndiyo ya kutumia.

PIRAMIDI INAYOKUA

Aina ya tatu haina tofali lililokosekana, bali inaendelea kukua, nanyi mnaulizwa safu ya mbali:

   Safu ya 1:  1
   Safu ya 2:  3   5
   Safu ya 3:  7   9   11
   Safu ya 4:  13   15   17   19

Swali: safu ya 10 inaanza na nambari gani, na jumla ya safu hiyo ni ngapi? Anayeandika safu zote kumi atafika, lakini wenzake watakuwa wamekwisha kufungua ukurasa mwengine. Tizameni jumla kwanza. Safu ya kwanza ni 1. Ya pili, 3 na 5, ni 8. Ya tatu ni 27. Ya nne ni 64. Hizi ni 1, kisha 2 × 2 × 2, kisha 3 × 3 × 3, kisha 4 × 4 × 4. Basi ya kumi ni 10 × 10 × 10, yaani 1000.

Na nambari ya kuanzia? Kabla ya safu ya 10 zimepita safu tisa zenye nambari 1 na 2 na 3 mpaka 9, jumla yake 45. Safu ya 10 inaanza na witiri ya 46, na witiri ya 46 ni mara mbili ya 46 ukitoa moja: 91. Hakikisheni: safu inaanza 91 na kumalizikia 109, wastani wake ni 100, nambari ni kumi, jumla 1000. Majibu mawili yaliyopatikana kwa njia mbili mbali mbali yamekubaliana, na hapo mtahiniwa anaweza kuendelea kwa moyo mkunjufu.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa ufupi, mkiwa mbele ya piramidi yoyote, fanyeni hivi. Kwanza, tizameni ukubwa wa nambari. Zikipanda polepole, jaribuni kujumlisha au kutoa. Zikiruka, jaribuni kuzidisha au kipeo cha pili. Pili, anzieni pale palipo na habari nyingi zaidi. Tofali lenye jirani wawili wanaojulikana hujazwa kabla ya mengine. Tatu, ijaribuni kanuni kwenye mifano yote. Nne, mkishapata jibu, lirudisheni kwenye swali. Tano, wekeni mpaka wa muda. Wahenga wanasema mwenda pole hajikwai, lakini mwenda pole wa mtihani hupigiwa kengele. Swali likiwakatalia, litieni alama, piteni, mrudi baadae. Na someni maelekezo ya juu ya karatasi mjue kama jibu la makosa hukatwa maksi, kwani hapo ndipo mtakapojua kama inafaa kubahatisha.

Mazoezi ya haya hayahitaji fedha. Mnawaona wazee wa bao barazani, kete 64 na mashimo 32, mtu anaona mtaji wake utaishia wapi kabla hajaugusa. Hakuzaliwa nao ujuzi ule. Alikaa, akafungwa, akakaa tena. Na timu inayoingia Uwanja wa Mao Zedong haianzi mazoezi siku ya mechi.

YASIYOPIMWA NA PIRAMIDI

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa serikali, na ningekuwa sikutenda haki kama ningeisifu mitihani hii kupita kiasi. Piramidi haipimi uaminifu. Haipimi kama mtu atamkaribisha vyema bibi kizee aliyetoka Makunduchi kufuatilia pencheni yake, au atamwambia arudi kesho. Aliyejaza matofali yote huenda asijue kujaza faili. Wala haipimi akili yote ya mtu. Kwa sehemu kubwa hupima nani amewahi kukaa na maswali kama haya. Na hivi sasa anayewahi kukaa nayo ni yule ambaye wazee wake wanaweza kumlipia masomo ya ziada na kumnunulia vitabu vya mazoezi. Mlango uliowekwa ili mtoto wa fulani asipendelewe, ukiuachia hivyo hivyo, utarudi kuwa mlango wa mtoto wa fulani.

Hata hivyo, tabia inayofunzwa na piramidi si ya kudharauliwa. Katika kazi zetu tofali linalokosekana ni risiti. Jumla ya chini ya daftari iko, malipo yapo, na moja halionekani. Mkaguzi huanza na jumla akashuka, kama tulivyoshuka kutoka 31 kwenda kwenye 8. Na afisa anayehukumu jambo zima kwa barua ya kwanza aliyoikuta juu ya faili ndiye yule yule aliyeandika 36.

OMBI LANGU

Kwa hivyo naleta ombi mbele ya mkutano huu. Wanafunzi wa zamani tumo humu walimu, wahasibu, mafundi, mabaharia, watu wa benki. Tuweke saa moja kila wiki, katika darasa moja la skuli hii, bila ya malipo, mmoja wetu aje akae na wanafunzi wa madarasa ya juu, wa kike kwa wa kiume, wafanye maswali ya aina hii kwa saa ya ukutani. Kila mwanafunzi, pamoja na kufumbua, atunge piramidi yake ampe mwenziwe. Anayejua kutega huujua mtego. Skuli itatupa chumba na chaki, sisi tutatoa muda. Mimi nimekwisha kumpa Katibu jina langu kwa mwezi wa mwanzo, na daftari liko mezani pake hapo mlangoni kwa atakayetaka kufuata.

Nanyi vijana, msikubali kuambiwa, wala msijiambie wenyewe, kwamba hamkuzaliwa na hesabu. Nendeni na maswali haya matatu nyumbani. Majibu yako chini ya ukurasa, lakini anayeyatizama mapema anajipunja mwenyewe.

1. Msingi wa matofali manne ni 5, ?, 4, 6. Kila tofali ni jumla ya mawili ya chini yake. Kilele ni 44. Lipi limekosekana?

2. Juu 7, chini 2 na 4, ndani 42. Juu 3, chini 5 na 6, ndani 33. Juu 4, chini 8 na 1, ndani ?

3. Katika piramidi inayokua tuliyoiona, jumla ya safu ya 20 ni ngapi?

 

Majibu: (1) 7. (2) 36, kwani ya juu huzidishwa kwa jumla ya mbili za chini. (3) 8000.